Wimbi dogo linataka ubao mrefu

Kinsevere, saa ya ekipe ya mchana kurudi nyumbani. Vijana wane wanangojea bisi ya kazi, wameinamia telefone moja. Mu telefone muko mtu amesimama juu ya ubao, lakini ubao wenyewe haugusi maji. Uko hewani, sawa vile nusu meta juu ya maji, unakwenda kimya. Hakuna tanga, hakuna kamba, hakuna moshi. Nyuma yake kuna wimbi dogo, la kufika ku magoti tu.

"Moteri iko wapi?" anauliza mmoja, mekanisie.

"Haina moteri."

"Basi nani anamusukuma?"

"Ni ile wimbi."

"Ile kawimbi kadogo? Wacha bongo!"

Waliponiona wakaniita: "Vye, weye muntu ya gazeti, utuelezee." Niliwaambia nitaandika. Leo nalipa lile deni. Na niko na sababu yangu mwenyewe ya kulilipa, nitaisema mbele kidogo.

Bawa lenye kujificha

Kile chombo kinaitwa foili. Ukikitoa mu maji unaona sehemu tatu. Juu kuna ubao wa kusimamia. Chini ya ubao kuna mlingoti wenye kushuka mu maji. Urefu wake kwa kawaida ni kati ya sentimeta 70 na 90. Mwisho wa mlingoti kuna mabawa mawili, moja kubwa mbele, moja dogo nyuma. Kwa macho ni sawa vile ndege ndogo yenye kuzama.

Bawa la mbele la mtu mwenye anajifunza linaweza kuwa na sentimeta za mraba 1,500 au zaidi. Hiyo ni karibu karatasi mbili na nusu za kuandikia, zile za A4. Karatasi mbili na nusu zinabeba namna gani mtu wa kilo 80? Jibu liko mu maji. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800. Ndege yenye kutoka Luano inahitaji mabawa makubwa na mbio nyingi, juu hewa ni nyepesi. Bawa lenye kupita mu maji linapata ile nguvu kwa mbio za mtu anayekimbia kwa miguu: kilometa 12 kwa saa, hivi.

Bawa likisha kuinua ubao, ubao hauburuzi maji tena. Kinachobaki mu maji ni mlingoti mwembamba na mabawa, basi. Maji hayana tena kitu kikubwa cha kuzuia. Hapo njo siri yenye ilisumbua vijana wa Kinsevere: wimbi lenye halina nguvu ya kusukuma ubao wa kawaida linatosha kupeleka mtu wa foili mbali sana.

Wazo lenyewe si la leo. Mwaka 1906, Muitaliano Enrico Forlanini alijaribu ku ziwa Maggiore chombo cha moteri chenye mabawa chini ya maji. Mwaka 1919, kule Kanada, Alexander Graham Bell, yule wa telefone, pamoja na mwenzake Casey Baldwin, walifikisha chombo chao HD-4 ku mbio ya karibu kilometa 114 kwa saa. Kuweka bawa chini ya ubao wa mawimbi kulikuja nyuma sana, ku visiwa vya Hawaii. Watu kama Laird Hamilton walikuwa wanavutwa kwanza na chombo cha moteri, ndipo wanaachiliwa mu mawimbi makubwa. Halafu, mu mwaka 2016, video za Kai Lenny, kijana wa kisiwa cha Maui, zikaonyesha watu wengi kwamba mtu anaweza kupiga kasia, akainuka, akatoka wimbi moja akaingia lingine, bila kuvutwa na mtu.

Kuanza njo kazi

Ukisha kuwa juu, wimbi dogo linatosha. Lakini kufika kule juu? Hapo njo wengi wanashindwa.

Mtu mwenye alishafanya kazi mu kariere anaelewa bila hesabu. Kamyo yenye kujaa mawe ikisimama katikati ya mlima, shofere anajua nguvu kubwa inakwenda mu zile meta za kwanza. Ikisha kushika mwendo, inapumua. Foili ni vile vile, na tena inapita kamyo kwa ubaya, juu bawa halisaidii karibu kitu wakati wa kuanza. Nguvu ya bawa inafuata mbio mara mbio. Ukipunguza mbio nusu, nguvu haibaki nusu, inabaki robo. Bawa lenye kubeba kilo 80 ku kilometa 12 kwa saa, ku kilometa 6 litabeba kilo 20 tu. Kilo 60 zenye kubaki, nani anazibeba? Ni ubao. Na ubao unapaswa kuzibeba na kuteleza kwa wakati mmoja.

Sasa tuangalie urefu. Kila chombo chenye kukata maji kinatengeneza wimbi lake chenyewe, moja ku pua, lingine nyuma. Kadiri kinaongeza mbio, lile wimbi linarefuka, mpaka linalingana na urefu wa chombo. Toka pale chombo kinakaa mu shimo la maji yake, pua juu, mkia chini, na kila kitu unaongeza ni kupandisha kamyo mlima. Mafundi wa meli wana hesabu ya ule mlima. Chombo cha meta 1 na nusu kinaufikia ku kilometa 5 na nusu kwa saa. Chombo cha meta 2.4 kinaufikia ku kilometa 7.

Utasema tofauti ni ndogo. Lakini kumbuka bawa linahesabu mbio mara mbio. Kutoka kilometa 5 na nusu mpaka 7, nguvu yake inapanda asilimia 60 na kidogo. Mtu mwenye ubao mrefu anafika ku mlima bawa likiwa limeshaanza kumpunguzia mzigo. Na kama ubao ni mwembamba pia, ule mlima wenyewe unakuwa mfupi.

Wimbi nalo lina mbio yake. Mu maji ya kina cha meta 1 na nusu, wimbi dogo linakwenda karibu kilometa 14 kwa saa. Halikungojei. Kama uko na kilometa 5 linapofika, linapita chini yako na kukuacha pale pale ukipiga maji. Kama uko na kilometa 7 au 8, mgongo wake unakuinua mkia, unateleza mbele, unakwenda nalo. Wimbi kubwa lenye kusimama wima linaweza kumbeba hata mtu wa ubao mfupi, juu linamtupa mbele kwa nguvu. Wimbi dogo halitupi mtu. Linapaswa kumkuta mtu ameshaanza safari.

Kuna kitu kingine tena. Ubao mfupi na mpana, kila ukipiga kasia upande mmoja, pua inageuka upande mwingine. Nguvu yako inaishia mu kunyoosha njia. Ubao mrefu unashika njia wenyewe. Wavuvi wa Kasenga ku Luapula, na wale wa ziwa Moero, hawana haja ya kuelezewa hili. Bwato refu na jembamba, unapiga kasia moja, unapumzika, bado linakwenda. Bwato fupi na pana linazunguka paka pale pale sawa vile sahani.

Ajabu ni kwamba watengenezaji wa foili walichelewa kurudi ku akili hiyo. Kwa miaka kadhaa mtindo ulikuwa kupunguza: ubao mfupi, mfupi zaidi, mpaka meta moja na kidogo. Toka karibu mwaka 2022 njo mbao ndefu na nyembamba zilienea, za meta 2 mpaka 2 na nusu, upana nusu meta au chini yake.

Ubao mrefu una ubaya wake, tusifichane. Ukisha kuruka, ule urefu wote unakuwa mzigo hewani: kugeuka ni kazi, upepo unaukamata, na kuubeba mu gari au mu ndege ni kesi nyingine. Wenye ujuzi, ku mawimbi yenye nguvu, wanachukua mfupi na wana haki. Lakini mwenye kuanza, mwenye mwili mzito, ama mwenye bahari yake haina mawimbi makubwa, huyo ubao mfupi utamchokesha bure.

Njia ya shaba mpaka Paje

Naandika haya juu nilijaribu mwenyewe. Nilikuwa nimefuata njia ya shaba kwa kazi ya gazeti: Kasumbalesa, Zambia, mpaka wa Tunduma, halafu ule mwendo mrefu wa Tanzania mpaka bandari ya Dar es Salaam. Mashofere wa Katanga wanaijua kuliko mimi. Kazi ilipokwisha nilibaki na siku chache, nikachukua boti ya Unguja, nikafika kijiji cha Paje, upande wa mashariki wa kisiwa.

Kule, mawimbi ya bahari kuu yanapasuka mbali, ku mwamba wa matumbawe. Yale yenye kufika pwani ni mabaki tu, ya magoti, ya mapaja. Wageni wanakuja juu ya upepo: kaskazi, karibu Desemba mpaka Machi, na kusi, karibu Juni mpaka Septemba. Wenyeji wanasema maji yanakupwa na yanajaa. Yakikupwa, yanarudi nyuma sana, na unaona akina mama wameinama mu mashamba ya mwani. Kilimo hicho kilianza ku Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980. Foili inapaswa kungoja maji yajae, juu mlingoti wa sentimeta 75 utagonga mchanga. Na mwenye akili anapita mbali na mashamba ya watu.

Sasa nasema sababu yangu.

Nilipokuwa na miaka 11, mdogo wangu alikufa mu maji. Ilikuwa kariere ya zamani, yenye kuachwa, yenye kujaa maji ya mvua. Jua lilikuwa kali. Tulikwenda watoto watano. Tulirudi nyumbani wane. Toka siku ile mama alikataza maji mu nyumba yetu. Hata ku Luapula, kwa babu, tulikaa mbali na ukingo. Mimi nimekuwa mtu mzima wa miaka 47, na nilijifunza kuogelea miaka tatu iliyopita tu, mu pisine ya Lubumbashi, kati ya watoto wenye kunicheka. Niliingia mle juu mtoto wangu wa kiume alianza kuuliza juu ya maji, na sikutaka kumjibu na woga.

Basi nikafika pale pwani, ku shule moja ya michezo ya bahari. Mwalimu, kijana wa kisiwa, akanisalimia: "Shikamoo, mzee." Nikajibu: "Jambo!" Alicheka mpaka akakaa chini. Niliposema "miye naogopa maji kidogo", akauliza natoka nchi gani yenye Kiswahili kama hicho. Nikamwambia: yenye inakutumia shaba.

Alikuwa na mbao mbili za kunipa. Mmoja mfupi, rangi ya machungwa, mzuri, sawa vile wa mu video. Mwingine wa meta 2.4, mweupe, sura ya mtumbwi. Mimi nikanyoosha kidole ku ule wa machungwa.

"Huo wa vijana wepesi, mzee wangu," alisema.

"Nipe huo huo."

Nina kilo 92. Ule ubao ulikuwa na lita 50. Hesabu yake ni rahisi: chombo kinabeba kilo sawa na lita za maji kinazosukuma, toa uzito wake chenyewe. Lita 50 hazibebi kilo 92. Nililala juu yake, ukazama chini ya tumbo langu, maji yakanifika ku kidevu. Nikapiga maji kwa mikono. Mawimbi yakapita chini yangu, moja, mbili, kumi, ishirini. Mikono ikaisha nguvu. Na kila wimbi lilipopita mdomoni, nilikuwa tena na miaka 11. Nikatoka, nikamwambia mwalimu asante, imetosha.

Usiku nilipiga telefone nyumbani. Bibi yangu alisikiliza yote, halafu akasema: "Weye baba ya mutoto, unalipa franga juu ya kuzama?" Akacheka. Halafu akauliza pole pole: "Na ile ubao ingine, ile yenye anakuambiaka?"

Kesho yake maji yalijaa mapema kidogo mchana. Mwalimu hakusema kitu, alileta ule mweupe. Lita 120. Alianza kunipeleka bila bawa, nilale tu na kuzoea. Ubao ulinibeba mwili wote, kifua kikavu. Ile peke yake ilibadilisha moyo wangu. Naweza kusema nusu ya woga ilibaki ku mchanga. Halafu akafunga mlingoti na bawa, akanivalisha jile na kaske, akanifundisha kuanguka: usirukie mbele, angukia pembeni, kaa mbali na bawa, na ukitoka chini ya maji weka mikono juu ya kichwa. Bawa linakata, na ubao unaweza kurudi.

"Usilikimbilie wimbi," akasema. "Anza mapema, piga pole pole. Ubao wenyewe utalishika."

Wimbi lilikuwa dogo kuliko ya jana. Nilipiga mikono mara tano, sita. Mkia ukainuka. Sikusukumwa, ni kama mtu alitoa breki. Nikapiga magoti sawa alivyonifundisha, na kelele ya maji chini ya ubao ikanyamaza. Sikujua kwanza ni nini. Halafu nikaona maji yako chini yangu, yanapita, na hakuna kitu kinayagusa. Sekunde nne, labda tano, kwa magoti sawa vile mtu mu kanisa. Halafu nikaegemea nyuma, ubao ukaruka juu, nikaanguka.

Chini ya maji nilifumbua macho. Ilikuwa kijani na mwanga. Jile ikanitoa juu. Mwalimu alikuwa anakimbia kuja, akidhani nalia. Nilikuwa nacheka.

Sikusimama kwa miguu siku ile, wala iliyofuata. Kusimama na kuruka kunahitaji siku nyingi, tena kwa wepesi kuliko mimi. Lakini mawimbi yalikuwa yale yale, na mwili wangu ule ule. Kitu chenye kilibadilika ni ubao.

Wenye moteri na shiye wengine

Yule mekanisie wa Kinsevere hakukosea kabisa. Foili za moteri ziko. Wanaweka betri mu ubao na moteri ndogo ya umeme karibu na bawa. Mtu anashika kidude mu mkono, anabonyeza, anaruka hata ku maji yenye hayana wimbi. Moteri ya namna hiyo inazungukwa na nyuzi za shaba. Betri ni za lithiamu, na nyingi za namna hiyo zina kobalti ndani. Haut-Katanga na Lualaba zinatoa vyote viwili. Hakuna mtu anaweza kusema kipande kipi kilitoka ku mkono wa nani, lakini tusishangae kama tunaona ku telefone mtu anatembea juu ya maji na jasho yetu.

Kile chombo cha umeme kinaweza kupita dola 10,000. Mwenye nacho hana haja ya kufikiri sana juu ya urefu. Betri inafanya kazi ya kuanza. Mwenye hana betri, urefu njo unamsaidia. Hata foili ya bila moteri si ya bei ya chini, inaweza kupita dola 2,000 pamoja na ubao wake. Kwa nyumba nyingi zenye kusoma gazeti hili, si ya kununua mwezi huu. Lakini akili yake haiuzwi, na inafaa hata kwa bwato la mti.

Maji yetu

Lubumbashi haina bahari, lakini mkoa na majirani zake hawakosi maji. Tanganyika ina urefu wa kilometa 673 na kina cha meta 1,470. Mu kiangazi upepo wa kusini unalikimbilia lile ziwa lote, na watu wa Kalemie wanajua mawimbi yake. Moero liko. Luapula iko. Watoto wetu watakwenda ku maji, tupende tusipende. Ni vizuri waende na akili.

Ba papa wenye kufanya kazi mu mgodi, nyinyi mnajua EPI. Hakuna mtu anaingia mu kariere bila kaske, na mkubwa wa kazi akikuona bila viatu anakurudisha. Maji nayo yana EPI yake. Jile, kwa kila mtu mwenye kupanda bwato, hata mwenye kujua kuogelea. Bwato lenye kulingana na uzito: hesabu watu na mizigo kabla ya kuachia ukingo. Mu maziwa yetu muko kichocho, na sehemu zingine mamba na viboko. Uliza wenyeji kwanza, si baadaye.

Na kwa ba mama wa maquartier karibu na mashimo ya zamani: kariere yenye kujaa maji si ziwa. Ziwa linashuka pole pole, mtoto anasikia chini na mguu. Kariere inakatika wima. Hatua moja mguu unagusa, hatua ya pili hakuna chini. Ukingo ni udongo wenye kuteleza, mkono hauna pa kushika. Juu maji ni ya joto, meta chache chini ni baridi yenye kufunga pumzi. Mtoto mwenye kujua kuogelea pia anaweza kubaki mle. Mdogo wangu alijua kuogelea kuliko mimi.

Niliporudi Kinsevere niliwakuta wale vijana pale pale pa bisi. Niliwaelezea yote, na mekanisie akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, sawa vile anasikiliza moteri.

"Kumbe ile wimbi njo moteri," akasema. "Na ile bubao burefu njo demareri."

"Njo vile."

"Basi ungesema toka siku ile, Vye. Tungeelewa."

Jumamosi nampeleka mtoto wangu ku pisine. Ana miaka 9. Jumamosi iliyopita mama yangu alisema anakuja pamoja nasi, kitu chenye hakijatokea. Alichukua kiti, akakiweka mbali, mgongo ku maji, akatoa kazi yake ya kufuma. Mtoto alianza kuvuka pisine, mikono ikipiga kelele. Ilichukua wakati. Alipofika katikati nikasikia kiti kinaburuzwa ku simenti. Mama alikuwa amekigeuza.